Je, Kuna Kaburi Kwenye Eneo la Ujenzi?

Niseme kwanza nilichofanya, ili asiwepo wa kunihurumia kabla ya wakati. Nilimpasua mdogo wangu kichwa kwa chepe, mchana kweupe, kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloacha marehemu baba yetu, na kwenye mkoba wangu kulikuwa na kibali cha ujenzi chenye muhuri. Damu ilirukia hadi kwenye sketi yangu. Na kwa dakika nzima, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Mimi ni mwanamke wa hamsini na kitu, fundi cherehani. Kibanda changu kiko Moshi mjini na nyumba yangu iko mtaa wa Soweto, huko huko mjini. Jina langu ni la bibi mzaa baba, kama ilivyo kwetu kwa binti wa kwanza, na wanasema hasira zilikuja pamoja na jina. Wateja wangu wanalijua hilo. Ukija kunisimamia kichwani, "nguo yangu vipi, nguo yangu vipi," nakurudishia kitambaa chako hata kama mkono mmoja umeshashonwa.

Kwa mama tulikuwa wawili tu, na mlimani kwetu hiyo ilikuwa habari ya kusengenywa. Kwanza mimi, kisha baada ya miaka mingi mdogo wangu wa kiume. Yeye ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kwa desturi yetu ndiye aliyebaki na wazazi, na nyumba na kihamba vikawa vyake. Mimi niliolewa, nikaachika, nikajitafutia uwanja wangu Soweto. Sikulalamika. Yaani, sikulalamika kwa sauti.

Chanzo cha yote ni choo. Choo cha mama kilikuwa chini kwenye migomba, mteremko mtupu kutoka mlango wa nyuma. Wakati wa masika udongo wetu unateleza kama mlenda. Asubuhi moja mama akashuka na kopo lake la maji, mguu ukatangulia, mwili ukafuata. Nyonga ikavunjika. Alilala pale chini mvua ikimpiga usoni mpaka mdogo wangu alipomaliza kuwakatia ng'ombe majani akamsikia analia. Anasema hakulia kama mtu mzima, alilia kama mtoto. Alipojaribu kumwinua, mama akamng'ata begani kwa maumivu, alama za meno zilikaa wiki mbili.

Walimfanyia upasuaji, wakaweka chuma. Siku ya kutoka, daktari akaniita pembeni. "Mama, nisikilize vizuri. Huyu akienda tena kwenye choo kile akaanguka, msimlete kwangu, mwiteni padri. Anatakiwa choo cha ndani, kando ya kitanda chake. Mpaka hapo, asirudi kule."

Basi nikamchukua nikamlaza kwangu Soweto. Loo! Nilidhani nimemfanyia hisani. Kila alfajiri mama alikuwa anapiga ukuta wa chumba kwa fimbo yake, ko, ko, ko, mpaka plasta ikaanza kudondoka.

"Nirudishe kwangu!"

"Mama, daktari amesema..."

"Daktari ni mume wangu? Nirudishe kwangu. Ukiniacha nife kwenye vumbi hili, nitakuandama. Nakwambia nitakuandama, hutashona hata leso."

Alikataa mtori niliompikia, akalipiga bakuli kwa mkono, likatua mlangoni. Alikuwa anakonda. Nikimgeuza kumwogesha nahisi mifupa. Nikaelewa kwamba asiporudi nyumbani kwake mapema atakufa kwa ubishi tu, nyonga haitahusika. Nikaamua: najenga choo na bafu ubavuni mwa chumba chake, chini ya dirisha, nitoboe mlango ukutani, atoke kitandani hatua nne awe amefika. Nijenge kabla ya mvua za vuli. Na sitamwambia. Nilitaka iwe sapraizi.

Mtu mwingine angeita fundi kesho yake. Mimi nilitaka kwanza kujua kama ujenzi ule unahitaji kibali, na nina sababu. Jirani yangu wa Soweto aliongeza chumba cha duka mbele ya nyumba bila kumuuliza mtu. Wakaja wakamchorea X nyekundu ukutani. Akaipaka chokaa. Wakachora tena, akapaka tena. Mara ya tatu likaja katapila na mgambo. Yule mama alikuwa ndani anapika. Walimtoa kwa kumburuta, kanga imemvuka, akamng'ata mgambo mmoja mkono mpaka akapiga yowe. Kisha katapila likasukuma, na ukuta ukalalia jiko huku maharage bado yanachemka. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye matofali. Paka wake alikuwa humo. Nilikuwa nimesimama kwenye geti langu na futi ya kupimia shingoni, na nikajiambia, mimi halitanikuta hili.

Nikamuuliza fundi kwanza. Akacheka. "Kibali cha choo? Dada, kwani unajenga benki?"

Nikamuuliza mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa watu. Nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha kiti. "Zamani kihamba hakikuwa na kibali zaidi ya ukoo," akasema. "Lakini siku hizi wametuingiza kwenye mambo ya mipango miji, hata mimi sijui mpaka uko wapi. Nenda halmashauri."

Nikaenda halmashauri. Nikazungushwa milango mitatu, nikafika kwa bwana mmoja wa makamo aliyevaa sweta ingawa kulikuwa na joto. Sikumpenda, lakini alikuwa mtu wa kueleza.

"Unakarabati au unajenga?"

"Naongeza choo cha mama yangu."

"Ukipaka rangi, ukibadilisha bati, ukiziba ufa, sisi hatuna neno na wewe. Lakini ukichimba msingi mpya, hata wa banda la kuku, unatakiwa kibali. Swali letu ni moja tu, mama: ardhi inafunguliwa au haifunguliwi?"

"Inafunguliwa."

"Basi jaza."

Akanipa fomu. Jina la mwombaji, mahali, majirani, mchoro wa jengo. Chini kabisa kulikuwa na swali: Je, kuna kaburi kwenye eneo la ujenzi? Nikacheka peke yangu. Kaburi la baba liko kule mbele karibu na barabara, lina vigae vyeupe, na babu na bibi wamelazwa hatua chache chini ya hapo. Dirisha la mama liko nyuma. Nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa.

Yule bwana akaitazama ile HAPANA. "Umewauliza wa nyumbani?"

"Wa nyumbani ndio mimi."

"Nakwambia kwa sababu ya kazi hii. Kwenye vihamba migomba inaficha mengi. Mama mzazi yupo hai? Muulize."

"Mama yangu anaumwa," nikamjibu, na sauti ikapanda, wenzake wakageuka. "Nimfuate kitandani nimuulize habari za makaburi? Wewe ungemuuliza mama yako?"

Akachukua fomu. Baada ya wiki chache kibali kikatoka.

Siku ya kwanza ya kazi mdogo wangu hakuwepo, alikuwa ameshuka Holili kufuata pumba za ng'ombe. Mimi na fundi tukapima, tukafunga kamba. Chini ya dirisha la mama, katikati ya mahali pa msingi, kulikuwa na isale limezeeka, shina nene kama mkono wangu. Isale kwa asiyelijua ni mmea wetu wa majani marefu. Tunaupanda mpakani. Mtu akikukosea akaja na jani lake mkononi, huwezi kumkatalia msamaha. Lina kazi nyingine pia, ambayo siku ile sikutaka kuikumbuka.

Fundi akasita. Naye ni Mchagga. "Dada, hili kalipanda nani?"

"Ni pambo tu la dirishani. Lete sururu."

"Tungeuliza kwanza."

"Nimeuliza mpaka halmashauri! Unataka nimuulize na Papa? Lete sururu hapa."

Akanipa, ila yeye hakuligusa. Nikaling'oa mwenyewe. Mizizi iling'ang'ania, nikaikata, nikalitupa kwenye lundo la udongo. Tukachimba mpaka jioni na kupanga mstari wa kwanza wa tofali upande mmoja.

Mdogo wangu aliporudi, akaweka gunia chini, akatazama mtaro, akatazama lile isale kwenye lundo. Ni mtu mkubwa, mabega kama ya fahali, na maneno machache.

"Hapo hapajengwi."

"Kwa nini?"

"Hapajengwi tu. Jenga upande wa kahawa."

"Upande wa kahawa mama atazunguka chumba kizima na fimbo. Atafika amechoka, ataanguka. Ndicho unachotaka?"

"Dada, jenga upande wa kahawa."

Nikatoa kibali, nikamwonyesha muhuri. "Hiki hapa. Kimepitishwa. Mchoro ni huu, na umechorwa hapa."

"Kimepitishwa na nani?"

"Serikali."

"Serikali haijawahi kulala kwenye nyumba hii," akasema, akabeba gunia lake akaenda kwa ng'ombe.

Jumapili nikatoka kanisani nikapanda mlimani kuangalia kazi. Mtaro ulikuwa umefukiwa. Tofali zote zimevunjwa, na hazikuanguka zenyewe: zimepondwa kwa nyundo mpaka zikawa vipande vya kokoto. Na katikati ya udongo uliofukiwa, lile isale limesimama, limepandwa upya, limemwagiwa maji.

Hapo ndipo kichwa changu kilipochemka. Nililisoma isale lile kama nilivyozoea kulisoma tangu utoto. Nikaona mpaka. Nikaona mdogo wangu ananiwekea mpaka kwenye nyumba niliyozaliwa, ananiambia, wewe mtoto wa kike huna hata pa kuweka tofali. Yote niliyoyameza miaka yote yakapanda kooni. Mimi niliyembeba yeye mgongoni. Mimi niliyechota maji ya mfereji kabla jua halijachomoza. Nilipoolewa walikunywa mbege yangu siku tatu, na nilipoachika hakuna aliyenionyesha mgomba mmoja akasema, huu nao ni wako. Na sasa mama anakufa Soweto, anapiga ukuta kwa fimbo, na huyu bwana mkubwa analinda kihamba chake! Sikwenda hata kumtafuta siku ile. Nilirudi mjini, nikamkuta mama amekataa tena kula.

Jumatatu nikapanda na fundi. "Chimba," nikamwambia. "Mimi nimesimama hapa."

Fundi hakuwa amepiga chepe la tano mdogo wangu akatoka kwenye migomba na panga. Hakupiga kelele. Alipiga kamba ya kupimia, ikakatika, akapiga ya pili, akapiga teke vigingi. Fundi akasema, "Bwana, mimi natumwa tu." Mdogo wangu akamkamata ukosi wa shati akamtupa kifudifudi kwenye kokoto, akamwekea ubapa wa panga shingoni na goti mgongoni. Fundi akatema damu, mdomo umepasuka.

"Nimesema hapo hapajengwi! Mnataka lugha gani?"

Nikapiga mayowe. Nikamwita mwizi, nikamwita muuaji wa mama. Nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Yeye akamwachia fundi, akatupa panga mbali, nafikiri alijiogopa mwenyewe. Mimi sikujiogopa. Nikalishika lile isale, nikaling'oa mara ya pili, nikampiga nalo usoni, na udongo wake, na mizizi yake.

Akanizaba kofi. Kofi la kiganja kizima, sikio likaimba, meno yakagongana, nikaonja damu. Katika maisha yetu alikuwa hajawahi kuninyanyulia mkono. Nikaona chepe la fundi limesimama kwenye udongo. Nikalichukua kwa mikono miwili. Sitasema sikujua ninachofanya. Nilijua. Sikumpiga kwa ubapa, nilimpiga kwa ukingo, juu ya sikio la kushoto, kwa nguvu zote za mtu aliyekanyaga cherehani miaka thelathini.

Ilitoa sauti kama ya shoka kwenye gogo bichi. Akaanguka kwa magoti. Ngozi ya kichwa ilifunguka, ikaning'inia juu ya sikio, na damu ikamwagika shingoni. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo mpaka leo linanishtua usingizini. Hakushika kichwa. Mtu ukimpiga kichwani atashika kichwa, hata mnyama atajikunja. Yeye aliinama akafunika udongo kwa mikono yote miwili, pale isale lilipokuwa, na kifua chake juu yake, na damu ikachuruzikia humo humo.

Mimi nilikuwa nimeshanyanyua chepe mara ya pili. Ndiyo, nakiri. Fundi, na mdomo wake uliopasuka, ndiye aliyenidaka kiuno akanitupa chini.

Jirani mmoja mwenye pikapu alitushusha hospitali. Njia nzima kichwa cha mdogo wangu kilikuwa mapajani mwangu, nimekikandamiza kwa kilemba changu. Muuguzi aliinua kilemba, akakirudisha haraka.

"Huyu amepigwa. Nendeni polisi mkalete PF3."

Kila mtu anaijua karatasi hiyo: huandikwa nani kakupiga na kwa nini.

"Sijapigwa," mdogo wangu akasema. "Nimeanguka."

"Umeangukia nini?"

"Chepe."

Muuguzi akaitazama sketi yangu, akatazama shavu langu lililovimba. "Chepe lilikuwa limesimama lenyewe?"

"Lilikuwa limesimama."

Walimshona nyuzi kumi na nne. Mimi ni mtu wa sindano, lakini sikuweza kutazama. Aliuma kola ya shati lake, miguu ikapiga kitanda, machozi yakamtoka bila sauti. Walipomaliza nikamuuliza, "Kwa nini? Niambie tu kwa nini."

"Mama alinikataza nisikwambie. Nenda kamuulize mwenyewe." Akageukia ukutani.

Nikaenda Soweto kama nilivyo, sikubadilisha hata sketi. Mama alikuwa ameketi kitandani. Akaiona damu.

"Ya nani hiyo?"

Nikamwambia. Nikamweleza choo, sapraizi, kibali, mtaro, chepe. Nilikuwa naeleza haraka haraka kama mtoto aliyevunja chungu, na bado nilikuwa najitetea, bado nilikuwa nasema nimepitisha halmashauri. Akanyanyua mkono.

"Ulichimba wapi?"

"Chini ya dirisha lako, mama. Pale penye isale."

Fimbo ilinipata begani kabla sijaiona. Ikanipata tena mkononi, na tena. Mwanamke wa mifupa mitupu, mwenye chuma nyongani, alinipiga mpaka fimbo ikamponyoka, na mimi sikukimbia. Kisha akaanza kulia, kilio kile ambacho mdogo wangu alinisimulia.

"Ulizunguka kwa watu wa mjini kuwauliza kama unaweza kujenga kwangu," akasema. "Mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa chumba cha pili! Hukuniuliza."

"Sikujua, mama."

"Yupo mwanangu pale. Mtoto wa kike. Alikaa siku tisa, homa ikamchukua, hata padri hakuwahi kufika. Baba yako akamlaza chini ya dirisha ili nimwone nikiwa kitandani, akampandia isale. Akasema tusimtaje, tutazaa wengine. Sijamtaja. Lakini kila asubuhi nafungua lile dirisha namsalimia." Akapangusa uso kwa kanga. "Wewe unadhani narudi kule kufuata migomba?"

Nikakaa chini sakafuni. Nilimuuliza kwa nini mdogo wangu aliambiwa na mimi nilifichwa. Akasema mdogo wangu aliwahi kutaka kufukia samadi pale, ikabidi amwambie, akamwapisha asinieleze mimi.

"Kwa nini mimi?"

"Acha," akasema. "Niache nipumzike."

Kesho yake nilipanda mlimani kwa miguu kutoka barabara kubwa, na jani la isale mkononi, nimelifunga fundo kama inavyotakiwa. Watu waliniona. Mwanamke mzima anamchukulia isale mdogo wake, habari ikafika kabla yangu. Nikamkuta ameketi mlangoni, kichwa kimefungwa bandeji nyeupe. Nilipiga magoti. Alilitazama lile jani muda mrefu, na mimi nikafikiri, akilikataa nitasema nini, ana haki.

Akalipokea. "Dada," akasema, "umenipiga kama unachimba karo la choo."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, makamasi yakanitoka. Sikio lile la kushoto halisikii tena mpaka leo. Ukitaka kuongea naye unakaa kulia kwake. Tukalipanda lile isale kubwa mara ya tatu, sote wawili, kwa mikono, hatukutumia chuma. Yeye akasema choo kitatosha upande wa kahawa tukihamisha kitanda cha mama ukuta wa pili, na dirisha ataliona bado. Alikuwa ameshapima kwa hatua. Alikuwa amepima tangu siku ile ya kwanza, ila sikumwachia nafasi ya kusema.

Lakini mchoro ulikuwa umebadilika, na ardhi ilikuwa inafunguliwa mahali pengine. Nikarudi halmashauri. Yule bwana wa sweta akanitambua.

"Mama wa choo. Kimeanguka?"

"Nahamisha upande."

Hakuuliza zaidi, akanipa fomu mpya. Nikajaza jina langu juu, mahali, majirani. Nikafika chini. Je, kuna kaburi kwenye eneo la ujenzi? Safari hii niliandika NDIYO, nyuma ya nyumba, hatua sita kutoka kwenye msingi. Akasoma, akatikisa kichwa taratibu. Hakusema, "Nilikwambia." Ningekuwa mimi ningesema.

"Hapa kuna sehemu hujaijaza," akaonyesha kwa kalamu. "Jina la marehemu."

"Alikuwa mtoto mchanga."

"Kama alipewa jina, liandike. Likiwa kwenye karatasi, hata mkija kufa nyote hakuna atakayechimba pale."

Nikampigia mama simu, pale pale mezani. Jirani yangu wa Soweto, yule wa katapila, ndiye aliyekuwa anamwangalia, akampelekea simu sikioni. Nikamwambia wanataka jina la yule mtoto.

Nilimsikia anavuta pumzi.

"Andika jina lako," akasema.

"Mama, langu nimeshaliandika juu, la mwombaji. Wanataka la marehemu."

"Nimekusikia, mimi si kiziwi. Andika jina lako. Bibi yako alikuwa na jina moja, na binti wa kwanza ndiye aliyepewa. Wewe ulikuja baada yake, ukalikuta."

Simu ikakatika, au aliikata. Nikakaa na kalamu. Nikaliandika lote, kwa mwandiko ule ule wa pale juu, nikamsogezea karatasi yule bwana.

Akaisoma juu, akaisoma chini, akavua miwani.

"Mama, hapa umekosea. Kwenye marehemu umerudia jina lako."

"Sijakosea," nikamwambia. "Gonga muhuri. Mama anataka kurudi nyumbani."